Kupima mapafu ambayo hayajavuta hewa

Mapafu ya mtoto aliye tumboni yamejaa maji. Mapafu yenyewe ndiyo huyatengeneza maji hayo, usiku na mchana, na yakizidi hupanda hadi kooni: mengine mtoto huyameza, mengine humwagika katika maji ya uzazi yanayomzunguka. Ndiyo maana daktari akichota kwa sindano mililita chache za maji ya uzazi, anapata humo mabaki ya kitu kilichotengenezwa ndani ya mapafu ambayo bado hayajawahi kufanya kazi. Juu ya jambo hilo moja la kimaumbile vilijengwa, kuanzia miaka ya mwanzo ya 1970, vipimo vya kutabiri ni mtoto gani atapumua vizuri akizaliwa na yupi atahangaika.

Leo karibu vyote vimewekwa kando. Kemia yake ilikuwa sahihi na hadi sasa hakuna aliyeibatilisha. Kasoro ilikuwa katika swali ambalo vilitakiwa kulijibu. Hapo ndipo watu wengi huchanganyikiwa, maana kipimo kinaweza kusema kweli kabisa na bado kisimsaidie daktari wala mama kuamua lolote.

Tuanze na kinachopimwa. Mapafu yana mamilioni ya vifuko vidogo vya hewa, na kuta zake kwa ndani zimelowa. Uso wa maji una tabia ya kujikunja na kujibana, kwa hiyo utando huo wa unyevu hukivuta kila kifuko kijifunge. Kadiri kifuko kilivyo kidogo, ndivyo nguvu ya kukifunga inavyokuwa kubwa. Kama mapafu yangekuwa na maji matupu, kila tukitoa pumzi vifuko vingeshikana, na kuvifungua tena kungetaka nguvu kama ya pumzi ya kwanza kabisa. Kinachotuokoa ni surfaktanti, mchanganyiko ambao takriban asilimia 90 yake ni mafuta na zinazobaki ni protini. Unafanya kazi kama sabuni kwenye maji: unatanda juu ya unyevu na kulegeza ule mvutano, na tunapomaliza kutoa pumzi mvutano huo unakaribia sifuri.

Surfaktanti hutengenezwa na seli maalumu za mapafu kuanzia takriban wiki ya 24 ya ujauzito. Seli hizo huifungasha katika vifurushi vidogo sana vyenye matabaka, mithili ya vitunguu, kisha huvimwaga ndani ya vifuko vya hewa. Mwanzoni ni kidogo mno. Kati ya wiki ya 34 na 36 uzalishaji hupanda kwa kasi. Mtoto njiti anayezaliwa kabla ya hapo huanza kuchoka ndani ya saa chache: mbavu zinaingia ndani kila anapovuta hewa, tundu za pua zinapanuka, na anatoa sauti ya kuguna kila anapoishusha pumzi. Mguno huo una maana yake. Mtoto anabana koo ili hewa isitoke yote, vifuko visijifunge. Anajitibu kwa nguvu alizo nazo, na nguvu hizo hazidumu.

Kwa miaka mingi madaktari walidhani kinachoua watoto hawa ni utando wa rangi ya waridi ulioonekana ndani ya mapafu yao walipopasuliwa baada ya kufa. Kurt von Neergaard alikuwa ameshaonyesha mwaka 1929, kwa kujaza mapafu hewa kisha maji na kulinganisha, kwamba nguvu kubwa inayoyafunga mapafu hutokana na uso wa unyevu wake. Karibu miaka thelathini hakuna aliyemjali. Walioliamsha tena jambo hilo miaka ya 1950, Richard Pattle wa Uingereza na John Clements wa Marekani, hawakuwa wakishughulika na watoto hata kidogo. Walikuwa katika maabara za kijeshi wakichunguza gesi za sumu zinavyoharibu mapafu. Mwaka 1959 Mary Ellen Avery na Jere Mead wa Boston wakaunganisha nyuzi mbili: mapafu ya watoto waliokufa kwa ugonjwa huu hayakuwa na uwezo wa kulegeza mvutano. Tatizo halikuwa utando uliozidi, bali surfaktanti iliyopungua.

Kujua chanzo hakukuleta tiba mara moja. Patrick Bouvier Kennedy, mtoto wa Rais John F. Kennedy, alizaliwa tarehe 7 Agosti 1963, wiki tano na nusu kabla ya wakati, akiwa na uzito wa kilo mbili na kidogo. Alipelekwa Boston, akawekwa kwenye chumba chenye oksijeni ya shinikizo kubwa, na tarehe 9 akafa. Kama mtoto wa rais wa Marekani hakuokoka, mtu anaweza kukisia hali ya wengine. Katika mazingira hayo, pale madaktari waliposhindwa kutibu, kutabiri kulikuwa jambo kubwa. Kama mama ana kisukari au shinikizo la damu na madaktari wanafikiria kumzalisha mapema, je, mapafu yako tayari, au wasubiri wiki moja zaidi?

Louis Gluck na wenzake wa California ndio waliojibu, mwaka 1971. Walitafuta uwiano wa mafuta mawili katika maji ya uzazi: lesithini, ambayo ndiyo sehemu kuu ya surfaktanti, na sfingomielini, ambayo haihusiani sana na mapafu na kiasi chake hakibadiliki sana miezi ya mwisho. Kwa nini mawili na si lesithini peke yake? Kwa sababu wingi wa maji ya uzazi hutofautiana sana kati ya mama na mama. Wastani ni karibu mililita 800 kwenye wiki ya 34, lakini wapo wenye nusu ya hayo na wapo wenye maradufu, na kiasi kilekile cha lesithini kikimwagwa katika maji mengi kitaonekana kidogo. Sfingomielini hupungua au kuzidi pamoja na maji hayohayo, kwa hiyo ukigawanya moja kwa nyingine, tofauti ya maji inajifuta yenyewe. Kwangu hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote katika habari nzima: hawakupima maji wala hawakuhitaji kujua ni lita ngapi.

Kazi ya maabara ilikuwa ndefu. Sampuli ilizungushwa kwenye mashine ili seli zizame, mafuta yakachujwa kwa klorofomu na methanoli, yakagandishwa kwa asetoni baridi, kisha tone likawekwa kwenye kioo kilichopakwa silika. Kimiminika kilipopanda juu ya kioo kilibeba lesithini na sfingomielini kwa mwendo tofauti, madoa mawili yakaachana, na fundi akapima ukubwa na weusi wa kila doa. Kabla ya wiki ya 32 hivi, mafuta haya hukaribia kulingana. Karibu na wiki ya 35 lesithini hufikia mara mbili ya sfingomielini, na hiyo 2 ikawa ndiyo mstari: juu yake mapafu yamekomaa, chini yake bado.

Mwaka uliofuata Clements, yuleyule wa gesi za sumu, alileta njia ambayo hata hospitali isiyo na maabara ya maana ingeweza kuitumia. Unachanganya maji ya uzazi na pombe ya ethanoli kwa kipimo sawa, unatikisa mrija kwa sekunde 15, unauacha robo saa, kisha unatazama kama kuna duara la mapovu limebaki ukingoni. Protini na chumvi za kwenye maji hayo nazo hufanya povu, lakini ethanoli inalivunja. Povu la surfaktanti linabaki. Unapunguza sampuli kwa maji ya chumvi hatua kwa hatua uone povu linavumilia hadi wapi. Gharama yake ilikuwa ndogo mno.

Kisha kasoro zikaanza kujitokeza, na kila kasoro ilifundisha jambo. Damu ina lesithini na sfingomielini zake, kwa uwiano wa karibu 1.3 hadi 1.5, hivyo sampuli iliyochafuka kwa damu husogezwa kuelekea hapo: jibu la mapafu machanga linapanda, la mapafu yaliyokomaa linashuka. Kinyesi cha kwanza cha mtoto nacho kinavuruga. Kubwa zaidi lilikuwa kwa akina mama wenye kisukari. Uwiano ungesoma 2 au zaidi, mtoto akazaliwa, na bado akahangaika kupumua. Sukari nyingi ya mama huvuka kondo na kuingia kwa mtoto, mtoto anajibu kwa kutoa insulini nyingi, na insulini hiyo inachelewesha ukomavu wa seli za surfaktanti. Hapo wakaongeza kipimo cha mafuta ya tatu, fosfatidiligliseroli, ambayo huonekana kwa kuchelewa, karibu wiki ya 35 au 36, na katika damu haipatikani kwa kiasi cha kuvuruga jibu. Ikionekana, hata kwenye maji yenye damu, mtu angeweza kupumua kwa nafuu. Isipoonekana, haisemi mengi.

Miaka iliyofuata ilileta mashine. Moja ilitumia mwanga kulinganisha surfaktanti na albumini, protini iliyomo katika maji ya uzazi: miligramu 55 kwa kila gramu ya albumini zilihesabiwa kuwa ukomavu, chini ya 40 uchanga, na katikati ikabaki sehemu ya mashaka. Njia nyingine, ambayo naipenda kwa ujanja wake, ilitambua kwamba vile vifurushi vya matabaka vina ukubwa unaokaribiana na chembe sahani za damu. Basi ukiweka maji ya uzazi kwenye mashine ileile ya kupima picha kamili ya damu, itavihesabu ikidhani ni chembe sahani. Maabara nyingi zilichukua 50,000 kwa kila mikrolita kuwa mstari wa ukomavu. Jibu lilipatikana kwa dakika chache, kwa mashine ambayo hospitali ya kawaida tayari inayo.

Sasa tuje kwenye fundo lenyewe. Vipimo hivi vyote, cha zamani na cha kisasa, vilikuwa na tabia moja: vikisema "tayari", mara nyingi sana ni kweli. Vikisema "bado", mara nyingi si kweli. Hili si kosa la fundi, ni hesabu. Chukua mfano wenye namba nilizozirahisisha. Tuseme kipimo kinawanasa watoto 95 kati ya kila 100 watakaougua, na kinawatambua sawasawa 75 kati ya kila 100 watakaokuwa salama. Kipeleke kwa wajawazito 1,000 wa wiki ya 37, ambapo watoto 20 tu ndio wangeugua. Kitawanasa 19 kati ya hao 20, ni vizuri. Lakini kati ya 980 walio salama, 245 nao wataambiwa mapafu hayajakomaa. Walioambiwa "bado" ni 264, na wagonjwa wa kweli miongoni mwao ni 19, yaani saba katika mia. Walioambiwa "tayari" ni 736, na mmoja tu ndiye atakayeugua.

Kipeleke kipimo hichohicho kwa wajawazito 1,000 wa wiki ya 30, ambapo watoto 500 wangeugua. Sasa "bado" ni 600, na 475 kati yao ni wagonjwa kweli, karibu wanane katika kumi. Kipimo kimekuwa hodari ghafla? Hapana, hakijabadilika hata nukta. Waliobadilika ni watu waliopimwa. Na katika wiki ya 30 daktari hakuhitaji sindano kujua kwamba mapafu yana mashaka, kalenda ilishamwambia.

Kwa hiyo eneo ambalo kipimo kingeweza kuongeza kitu ni jembamba, wiki ya 34 hadi 36 au 37 hivi. Nako mantiki ya uamuzi ilikimaliza. Mama akiwa na hali inayotishia maisha yake, tuseme shinikizo la juu lenye dalili za kuelekea kifafa cha mimba, atazalishwa hata mapafu yakisoma "bado". Kama hana sababu yoyote ya kuzalishwa mapema, hafai kuzalishwa hata yakisoma "tayari", kwa kuwa ubongo, ini na uwezo wa mtoto wa kutunza joto na kunyonya havipimwi na lesithini. Utafiti uliofanywa Alabama na kuchapishwa 2010 ulionyesha hivyo: watoto waliozaliwa kati ya wiki ya 36 na 38 baada ya kipimo kuthibitisha ukomavu walipata matatizo mengi kuliko waliosubiriwa hadi wiki ya 39 au 40. Mwaka 2011 ile mashine ya mwanga iliondolewa sokoni, na mwaka 2019 chama cha madaktari wa uzazi wa Marekani kikasema wazi kwamba sindano ya kupima mapafu isitumike kuamua siku ya kuzalisha. Kwa maoni yangu uamuzi huo ungeweza kuja mapema zaidi, maana hesabu hiyo ya hapo juu ilijulikana zamani.

Tena neno "matatizo ya kupumua" ni pana kuliko surfaktanti. Mtoto aliyetimiza miezi yake lakini akazaliwa kwa upasuaji kabla uchungu haujaanza anaweza kuhema kwa kasi siku moja au mbili kwa sababu maji ya mapafu hayajanyonywa yote. Uchungu ndio huyapa mapafu ishara ya kuyanyonya. Mwingine amevuta kinyesi chake cha kwanza. Mwingine ana maambukizi. Wote watahema, na uwiano wa lesithini usingemtaja hata mmoja.

Wakati vipimo vikiboreshwa, tiba nayo ilikuwa inakuja kwa mlango mwingine. Mwaka 1971 huohuo, kule San Francisco, George Gregory na wenzake waliiga ule mguno wa mtoto kwa mashine: hewa yenye shinikizo dogo la kudumu ili vifuko visijifunge. Ndiyo CPAP, ambayo leo katika wodi nyingi za watoto wachanga hutengenezwa kwa mrija unaotumbukizwa kwenye chupa ya maji, ukitoa mapovu. Mwaka 1972 Graham Liggins na Ross Howie wa Auckland walitangaza kwamba sindano za betamethasoni kwa mama anayeelekea kujifungua mapema hukomaza mapafu ya mtoto na kupunguza vifo. Liggins aliliona kwanza kwa kondoo: mwanakondoo aliyezaliwa njiti, ambaye kwa hesabu zote hakupaswa kupumua, alipumua. Ilichukua zaidi ya miaka ishirini kabla Marekani haijashauri dawa hiyo itumike kwa upana. Mwaka 1980 Tetsuro Fujiwara wa Japani aliripoti watoto kumi waliowekewa surfaktanti ya ng'ombe moja kwa moja kwenye mapafu, wakapata nafuu. Kuanzia hapo kutabiri kukapoteza uzito. Kama mama wa wiki ya 31 anaweza kupewa dawa bila kuchomwa sindano tumboni, ya nini kumchoma?

Lakini dawa hiyo ya kukomaza mapafu inadai kitu kilekile ambacho kalenda ilimpa daktari wa wiki ya 30: kujua umri wa mimba. Hapa Afrika Mashariki inatugusa moja kwa moja. Jaribio lililochapishwa 2015, lililofanyika katika nchi sita zikiwemo Kenya na Zambia, lilisambaza deksamethasoni, dawa ya kundi moja na betamethasoni, hadi vituo vya chini, na wajawazito wakatambuliwa kwa makadirio tu. Wengi waliopewa hawakuja kuzaa watoto njiti, vifo vya watoto havikupungua kama ilivyotarajiwa, na dalili za madhara zikaonekana. Miaka mitano baadaye Shirika la Afya Duniani lilichapisha jaribio jingine, katika hospitali 29 za Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan. Safari hii umri wa mimba ulithibitishwa kwa ultrasaundi, kati ya wiki ya 26 na mwisho wa wiki ya 33, na hospitali zilikuwa na uwezo wa kuwatunza watoto njiti. Wajawazito 2,852 waliingizwa. Vifo vya watoto wachanga vilikuwa asilimia 19.6 kwa waliopewa dawa na 23.5 kwa wasiopewa, na jaribio likasimamishwa mapema kwa sababu faida ilikuwa wazi.

Dawa ni ileile katika majaribio yote mawili. Tofauti kubwa ilikuwa kujua wiki, na kuwa na mahali pa kumlaza mtoto akizaliwa. Shirika hilo linapendekeza kila mjamzito apate ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24, lakini wengi huanza kliniki wakiwa wamechelewa, na mkunga anabaki na tarehe ya hedhi ya mwisho ambayo mama haikumbuki vizuri pamoja na urefu wa tumbo alioupima kwa mkono au kwa tepu. Mimba inayosemwa ni ya wiki 33 inaweza kuwa ya 37, na kinyume chake.

Kemia ya Gluck haijafa, imehamia baada ya kuzaliwa. Mtoto akiwa tumboni humeza maji ya uzazi pamoja na maji ya mapafu yake, kwa hiyo dakika za kwanza baada ya kuzaliwa tumbo lake lina sampuli ambayo haihitaji kumchoma mama. Henrik Verder wa Denmark na wenzake walihesabu vifurushi vya surfaktanti katika maji hayo, kisha wakapima uwiano uleule wa lesithini na sfingomielini kwa mwanga wa infraredi badala ya klorofomu na vioo. Swali nalo limebadilika: hawaulizi tena kama mtoto azaliwe, maana ameshazaliwa. Wanauliza ni njiti yupi apewe surfaktanti sasa, kabla hajachoka, na yupi anatosha kwa CPAP peke yake. Surfaktanti ni ghali na inataka jokofu. Hospitali yenye chupa mbili na watoto watano ingelitumia jibu hilo siku hiyohiyo. Isiyo na chupa hata moja itaendelea na CPAP, oksijeni iliyopimwa na kifua cha mama.